Shika Fupanyonga Kwanza: Kuchunguza Kiungo cha Nyonga bila Kudanganyika

Goti likivimba utaliona, kiwiko kikiteguka utakigusa. Nyonga haikupi nafasi hiyo. Kichwa cha fupaja, yaani mfupa wa paja, kimezama ndani ya kikombe chake. Mbele kimefunikwa na msuli wa iliosoasi unaokunja paja na mishipa mikubwa ya damu, nyuma kina nyama nene za tako. Kiungo kinaweza kujaa usaha na juu ya ngozi usione hata wekundu. Kwa hiyo karibu kila unachokijua kuhusu nyonga ya mgonjwa unakijua kwa kuzunguka: jinsi anavyotembea, jinsi alivyolala, na jinsi paja linavyosogea likilinganishwa na fupanyonga, mfupa mpana unaobeba kikombe hicho.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, kwa sababu fupanyonga lenyewe nalo linasogea. Nyonga ikikakamaa, uti wa mgongo na fupanyonga huichukulia kazi kimyakimya, na mwanafunzi humtangazia mtahini kwamba mguu unatanuka, yaani unaenda nje ubavuni, nyuzi 40 wakati kiungo hakijatoa hata 10. Usiripoti mjongeo wowote wa nyonga kabla hujajua fupanyonga liko wapi na nani amelishika. Makosa mengi yatakayotajwa hapa chini yanatokana na kusahau jambo hilo.

Kabla ya kumgusa

Mgonjwa akisema nyonga inamuuma, usiandike bado. Mwombe aonyeshe kwa mkono, maana wengi huita nyonga eneo lote kuanzia kiunoni hadi katikati ya paja. Maumivu ya kiungo chenyewe hukaa kwenye kinena, hushuka mbele ya paja, na mara nyingi huishia gotini. Wapo wanaoshika ubavu kwa kiganja kizima, kidole gumba nyuma na vidole vingine vikielekea kinenani; hao pia mara nyingi wanaonyesha kiungo. Akigusa mfupa wa pembeni na kusema hawezi kulalia upande huo usiku, fikiria kwanza kano za misuli ya gluteasi, ile ya tako, zinazoshika kwenye trokanta kubwa, nundu ya fupaja inayotokeza ubavuni. Akishika tako, hasa kama maumivu yanapita nyuma ya paja na kuvuka goti, anza na mgongo.

Suala la goti lisipite hivihivi. Neva ya obturata na neva ya femorali hupeleka matawi kwenye nyonga na kwenye goti pia, na mgonjwa hana njia ya kujua maumivu yametoka wapi. Mtoto wa miaka 12 anayechechemea na kulalamikia goti, huku goti lenyewe halina kasoro, achunguzwe nyonga siku hiyohiyo. Kuteleza kwa kichwa cha fupaja kwenye sahani yake ya ukuaji hukosewa hivyo kila mara: goti linapigwa eksirei, picha inatoka safi, mtoto anarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu, na kichwa kinaendelea kuteleza.

Kuhusu uwezo wa kufanya kazi, uliza mambo ambayo mgonjwa anayafanya kweli. Swali la kupanda ngazi halimsaidii bibi ambaye nyumba yake haina ngazi hata moja. Muulize kama anachuchumaa chooni, kama anasujudu na kukaa tahiyatu au siku hizi anaswali kwenye kiti, kama anaweza kukaa mkekani kwa kukunja miguu. Kuchuchumaa kunadai mkunjo mkubwa wa nyonga. Kupanda nyuma ya bodaboda kunadai kutanua paja. Kukata kucha za miguu kunadai kukunja na kuzungusha kwa pamoja, na mara nyingi ndiko kunakotangulia kushindikana nyonga inapoanza kusagika. Ukipata majibu hayo, tayari unajua ni mjongeo gani utakaoukuta umepungua.

Usiache kuuliza selimundu, matumizi ya dawa za steroidi, pombe na VVU, kwa sababu vyote vinahusishwa na kufa kwa kichwa cha fupaja kwa kukosa damu. Uliza pia kikohozi cha muda mrefu, kupungua uzito na jasho la usiku, maana kifua kikuu cha mifupa, baada ya uti wa mgongo, hupenda nyonga.

Kuhusu mavazi: lazima uone ncha za mbele za fupanyonga, mapaja, na matako. Kaptura inatosha kwa mwanamume. Kwa mama, kanga mbili hufanya kazi nzuri kuliko shuka la wodi, moja ya kufunika kifua na tumbo, nyingine ikiwa imekunjwa katikati ya mapaja. Awepo muuguzi au ndugu wa jinsia yake, na mweleze kabla hujamgusa kinenani, si baada. Mtu mzima aliyesalimiwa shikamoo na kuelezwa kitakachofanyika hulegeza misuli. Aliyevuliwa nguo bila neno hukaza kila kitu, na vipimo vyako vyote vinakuwa vya uongo.

Akiwa amesimama na akitembea

Mtazame kwanza amesimama, mbele, ubavuni na nyuma. Ubavuni tafuta mgongo uliobonyea ndani kupita kiasi juu ya kiuno: mara nyingi ni mtu ambaye nyonga yake imekakamaa katika mkunjo na ameinamisha fupanyonga mbele ili paja lishuke wima. Nyuma tafuta tako lililosinyaa, makovu ya upasuaji, na matundu yanayotoa usaha.

Kisha atembee hatua kumi hivi, ageuke, arudi. Mwenye maumivu hukaa muda mfupi sana juu ya mguu mbaya, kama aliyekanyaga kaa la moto. Mwenye mguu mfupi hushusha bega la upande huo kila anapoukanyaga, ingawa upungufu mdogo hufichwa na kuinama kwa fupanyonga na usiuone kabisa. Mwenye nyonga iliyoganda hulisogeza fupanyonga zima mbele pamoja na paja. Mwenye misuli dhaifu ya kutanua hutupa kiwiliwili upande wa mguu mbovu kila anapousimamia. Ikiwa ni pande zote mbili, huyumba kulia na kushoto.

Ukimwona na fimbo, angalia imeshikwa mkono gani. Inapaswa kuwa mkono wa upande mzima. Hapo ndipo inaposaidia kuinua fupanyonga linalotaka kushuka, na mzigo juu ya kiungo unapungua kwelikweli. Wengi huishika upande unaouma kwa sababu ndiko wanakohisi wanahitaji msaada. Kumhamishia fimbo mkono wa pili ni tiba isiyogharimu chochote.

Kipimo cha Trendelenburg, na kwa nini kinadanganya

Friedrich Trendelenburg, daktari mpasuaji wa Kijerumani, alikieleza mwaka 1895 alipokuwa akieleza mwendo wa watu waliozaliwa na nyonga zilizoteguka. Kila mwanafunzi analijua jina, na wengi hukifanya vibaya.

Unaposimama kwa mguu mmoja, fupanyonga linakuwa wenzo. Egemeo ni kichwa cha fupaja. Uzito wa mwili unavuta kwenye mkono mrefu, na gluteasi midiasi pamoja na minimasi, misuli ya kutanua paja, zinavuta kwenye mkono mfupi zaidi, kutoka ubavu wa fupanyonga hadi trokanta kubwa. Kwa kuwa mkono wao ni mfupi, lazima zivute kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe, ndiyo maana kichwa cha fupaja hubeba takriban mara 2.5 hadi 3 ya uzito wa mwili kila unaposimama kwa mguu mmoja. Kuanzia hapo sababu za kipimo kuwa chanya zinajipanga zenyewe. Nguvu imepotea: polio, mzizi wa neva wa L5 (pingili ya tano ya kiuno), neva ya juu ya gluteasi iliyoumizwa. Egemeo limepotea: kiungo kimeteguka, au kichwa kimeporomoka. Wenzo umefupishwa: shingo ya fupaja iliyovunjika na isiyounga, au iliyopinda ikashusha pembe yake. Mtahini akikuuliza sababu tano, anza na wenzo; hutazisahau.

Namna ya kufanya: mgonjwa mwenye nguvu mtazame kutoka nyuma. Mgonjwa mzee au anayetetereka, simama au keti mbele yake, vidole gumba vyako vikiwa juu ya ncha mbili za mbele za fupanyonga, zile zinazotokeza chini ya tumbo pale mkanda wa suruali unapopita, naye aweke mikono juu ya mabega yako. Mwambie, “Bibi, nyanyua mguu huu kwa kukunja goti nyuma.” Nyonga ya mguu ulionyanyuliwa ibaki kati ya kunyooka na mkunjo wa nyuzi 30. Akipandisha goti hadi kiunoni, fupanyonga hupandishwa upande huo na udhaifu unafichika. Subiri sekunde 30. Misuli iliyochoka huanza vizuri halafu hulegea taratibu, na mwanafunzi anayeangalia sekunde tatu na kusema “hasi” anaikosa.

Kwa kawaida upande wa mguu ulionyanyuliwa hupanda kidogo. Ukishuka, tatizo liko kwenye nyonga iliyobeba uzito, si ile iliyoshuka. Geuza sentensi hiyo na umeshindwa mtihani. Ukiwa mbele yake utahisi pia mkono wake wa upande ulionyanyuliwa ukikukandamiza bega, kwa kuwa anatafuta pa kuegemea.

Mgonjwa anaweza kukudanganya bila kukusudia kwa kuinamisha kiwiliwili chote juu ya mguu anaousimamia. Uzito unahamia karibu na egemeo, fupanyonga linabaki sawa, nawe unaandika hasi. Mnyooshe mabega, urudie. Kwa upande mwingine, maumivu makali peke yake yanaweza kulishusha fupanyonga hata kama misuli ni mizima, na mtu asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sababu ya ubongo au sikio la ndani hatakupa jibu lolote la maana. Na mgonjwa unayemshuku kuwa na shingo ya fupaja iliyovunjika asisimamishwe kabisa.

Kitandani: nyoosha fupanyonga, kisha pima

Tumia kitanda kigumu. Godoro la wodi lililobonyea katikati huharibu kila kitu kinachofuata, kwani matako huzama na mgongo hauwezi kusomeka. Kama chumba cha uchunguzi kimejaa, ombeni meza ya eksirei.

Mgonjwa alale chali, mto mmoja tu. Tafuta ncha mbili za mbele na uvute mstari wa mawazo kati yake. Mstari huo ukiwa umesimama pembemraba na urefu wa kitanda, fupanyonga limenyooka. Ukiwa umeinama, jaribu kulinyoosha kwa kusogeza miguu. Kama halinyooki mpaka mguu mmoja uvushwe ndani juu ya mwenzake, mguu huo umekakamaa katika hali ya kuletwa ndani, na pembe uliyolazimika kuupeleka ndiyo kiasi cha ulemavu. Kama halinyooki mpaka mguu upelekwe nje, umekakamaa katika hali ya kutanuka.

Hili ndilo chimbuko la mkanganyiko wa urefu wa miguu. Mwenye nyonga iliyokakamaa ndani hawezi kuweka miguu sambamba bila kupandisha fupanyonga upande huo, na akilipandisha mguu unaonekana mfupi ingawa mifupa yake haijapungua hata milimita. Aliyekakamaa nje hushusha fupanyonga, na mguu unaonekana mrefu.

Kwa hiyo unapima mara mbili. Urefu wa kuonekana unapimwa miguu ikiwa sambamba, kutoka kitovu au chembe cha moyo hadi kifundo cha ndani cha mguu. Urefu wa kweli unapimwa kutoka ncha ya mbele ya fupanyonga hadi kifundo hichohicho, lakini baada ya kunyoosha fupanyonga na kuweka mguu mzima katika mkao uleule wa mguu mbovu. Kama mguu mbovu umekakamaa ndani nyuzi 20, mzima nao uvushwe ndani nyuzi 20. Ncha ya mbele iko nje zaidi kuliko katikati ya kiungo, hivyo mguu unapotanuliwa kifundo husogea karibu na ncha na kipimo hupungua. Unapoletwa ndani kipimo huongezeka. Ukipima miguu iliyo katika mikao tofauti, utepe utakuzulia ufupi usiokuwepo.

Ingiza ncha ya utepe chini ya mfupa na uisukume juu mpaka inase, usiiweke juu ya ngozi inayoteleza. Rudia mara mbili au tatu. Tofauti iliyo chini ya sentimita 1 usiijengee hoja: utepe wenyewe hukosea kiasi hicho, na watu wengi wasio na ugonjwa wanatofautiana hivyo. Ukishapata ufupi wa kweli, kunja magoti yote nyuzi 90, visigino pamoja, na utazame. Goti likiwa chini ukilitazama kutoka mwisho wa kitanda, ufupi uko kwenye muundi. Likiwa nyuma ukilitazama kutoka ubavuni, uko kwenye paja. Kama ni paja, weka kidole gumba kwenye ncha ya mbele na kidole cha kati kwenye kilele cha trokanta, kila upande. Trokanta iliyopanda ina maana tatizo liko juu yake: shingo, kichwa au kikombe.

Kwa mgonjwa anayesimama vizuri, vibao vya unene unaojulikana chini ya mguu mfupi, mpaka ncha mbili zilingane, vinampa jibu analoweza kulihisi mwenyewe. Ni njia nzuri unapopanga kiatu cha kuongezewa soli.

Kugusa

Kugusa hapa kuna mavuno machache, usipoteze muda. Kichwa cha fupaja kiko ndani kabisa chini ya mpigo wa ateri ya femorali, katikati ya ncha ya mbele na muungano wa mifupa ya kinena. Bonyeza hapo kwa upole huku unamtazama usoni. Kama mpigo wenyewe ni mgumu kuupata upande mmoja baada ya ajali, kumbuka kwamba ateri hulalia kichwa cha fupaja. Kichwa kikiwa kimeteguka nyuma, mpigo hukosa cha kuuinua. Gusa trokanta, gusa tezi za kinena, na uvimbe wowote laini chini ya kinena uufikirie kuwa jipu la soasi lililoteremka kutoka kwenye uti wa mgongo wenye kifua kikuu, usiwe mwepesi wa kuupasua.

Mkono chini ya kiuno

Kipimo cha Thomas kilitoka Liverpool, miaka ya 1870, kwa Hugh Owen Thomas, mzaliwa wa ukoo wa waganga wa mifupa wa Wales aliyetibu wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha nyonga. Kinajibu swali moja: je, nyonga hii inaweza kunyooka, au mgongo unainyooshea?

Pitisha kiganja chako chini ya kiuno cha mgonjwa, kikitazama juu. Kama mgongo umebonyea, kitapita kirahisi. Sasa kunja nyonga nzima, ile isiyo na ugonjwa, polepole. Utahisi mgongo ukishuka juu ya vidole vyako, nafasi ikipungua, kisha kiganja kinabanwa. Simama hapo hapo. Mwambie mgonjwa ashike goti lake kwa mikono miwili katika kiwango hicho. Tazama paja la upande mbovu: likibaki limelala kitandani, hakuna mkunjo wa kudumu. Likiwa limenyanyuka, pembe kati yake na kitanda ndiyo ulemavu, na ukilisukuma chini utahisi mgongo ukinyanyuka tena kutoka kwenye mkono wako.

Kosa kubwa ni kuendelea kukunja goti zima mpaka kifuani. Fupanyonga linazunguka nyuma kupita kiasi, na hata nyonga isiyo na ugonjwa itanyanyuka. Kosa la pili ni kutoweka mkono kabisa na kukisia kwa macho. La tatu ni kulisahau goti: goti lisilonyooka litalinyanyua paja lenyewe, kwa hiyo msogeze mgonjwa mpaka muundi uning'inie nje ya kitanda. Na kama nyonga “nzima” ilishawekewa kiungo bandia, usiikunje zaidi ya nyuzi 90; unaweza kuitegua mbele ya mtahini. Nyonga zote mbili zikiwa zimekakamaa, mlaze kifudifudi miguu ikining'inia ukingoni, weka mkono juu ya sakramu, mfupa wa chini kabisa ya kiuno, na unyooshe paja moja mpaka fupanyonga lianze kusogea.

Mijongeo

Kukunja hufika nyuzi 120 au zaidi. Kunyoosha nyuma, akiwa kifudifudi, 10 hadi 20. Kutanua karibu 45, kuleta ndani 25 hadi 30, kuzungusha ndani karibu 35, kuzungusha nje karibu 45. Linganisha na upande wa pili kabla ya kulinganisha na kitabu.

Unapotanua, mkono mmoja ubane ncha ya mbele ya upande wa pili, au lala kwa kigasha chako juu ya ncha zote mbili. Mjongeo wa nyonga umekwisha pale ncha inapoanza kusogea, hata kama mguu bado unaendelea. Ukiwa huna mkono wa tatu, ning'iniza mguu wa pili nje ya ukingo wa kitanda; utalifunga fupanyonga vizuri kuliko rafiki yako anayekusaidia.

Mzunguko ndio wanafunzi wanaougeuza. Ukiwa umekunja nyonga na goti nyuzi 90, unyayo ukienda nje, paja linazunguka ndani. Itazame pia ya goti, kile kifuniko cha mbele ya goti, inaelekea wapi, usiangalie unyayo, na hutakosea. Kuzungusha ndani ndiko hupotea mapema kwenye kusagika kwa nyonga; chini ya nyuzi 15 na maumivu ya kinena kwa mtu wa makamo, eksirei mara nyingi itathibitisha. Mtoto aliyebalehe ambaye paja linazunguka nje lenyewe kila unapolikunja, usilazimishe. Hiyo ni ishara ya kichwa kilichoteleza, na asitembee tena mpaka apate picha za pande mbili, ya mbele na ya mkao wa chura.

Kuna tofauti moja inayookoa upasuaji usio na maana. Mgonjwa mwenye homa amelala na paja limekunjwa, hataki linyooshwe. Likunje zaidi kidogo, kisha lizungushe taratibu ndani na nje. Mzunguko ukienda vizuri, iliosoasi ndiyo inayouma: jipu la soasi, au usaha ndani ya msuli. Ukizuiwa pande zote na mgonjwa akapiga kelele, fikiria usaha ndani ya kiungo.

Vipimo vya ziada vina majina mengi. Kuweka kifundo juu ya goti la pili na kubonyeza chini: maumivu ya kinena yanaelekeza kwenye kiungo, maumivu ya nyuma kwenye muungano wa sakramu na fupanyonga. Kukunja, kuleta ndani na kuzungusha ndani kwa pamoja huamsha maumivu katika karibu kila nyonga mbovu, hivyo kikiwa hasi kina maana kuliko kikiwa chanya.

Watoto, na ajali

Mtoto mwenye kiungo kilichojaa maji huweka nyonga ikiwa imekunjwa, imetanuka na imezunguka nje, maana hapo mfuko wa kiungo una nafasi kubwa. Mambo manne hutenganisha usaha na uvimbe mwepesi unaopona wenyewe: homa zaidi ya 38.5, kukataa kukanyaga, ESR (kipimo cha damu cha kasi ya chembe nyekundu kuzama) zaidi ya 40, na chembe nyeupe zaidi ya 12,000. Yakikusanyika, hakuna kusubiri asubuhi. Usaha hula gegedu haraka. Kwa mtoto wa selimundu vipimo vya damu vinachanganya, na ultrasaundi pamoja na sindano ya kufyonza maji ndivyo vitakavyoamua. Mtoto mchanga huenda asiwe na homa kabisa: dalili ni mguu asioutikisa na kilio wakati wa kubadilishwa nepi.

Vipimo vya Ortolani na Barlow, vya kutafuta nyonga iliyoteguka au inayoteguka kirahisi kwa mtoto mchanga, vina maana katika miezi 2 hadi 3 ya mwanzo, nyonga moja kwa wakati, mtoto ametulia na mikono yako ina joto. Baadaye tafuta kutanuka kulikopungua. Nyonga zilizozaliwa zimeteguka ni chache sana Afrika Mashariki, na watoto kubebwa mgongoni mapaja yametanuka, iwe kwa mbeleko au kanga, hutajwa kuwa sehemu ya sababu. Uchache huo ndio unaofanya zile zilizopo zichelewe kugunduliwa.

Majeruhi wa bodaboda ambaye paja limekunjwa, limeletwa ndani na kuzungushwa ndani, nyonga imeteguka nyuma. Ikiwa mguu ni mfupi na umezunguka nje, hasa kwa mzee aliyeanguka bafuni, shingo ya fupaja imevunjika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapa usipime Thomas wala Trendelenburg. Kama eksirei iko mbali, weka stethoskopu juu ya muungano wa mifupa ya kinena na gonga pia za magoti kwa zamu: upande uliovunjika sauti huja hafifu. Kumbuka kwamba mpasuko uliojibana wenyewe unaweza kumruhusu mgonjwa kutembea hadi dirisha la mapokezi.

Kwa nyonga iliyoteguka nyuma, kabla ya kuirudisha mwambie ainue unyayo juu na kidole kikubwa, na gusa ngozi ya mgongo wa unyayo. Neva ya siatiki iko nyuma tu ya kiungo, na ikiwa imeumia kwenye ajali lazima iandikwe kabla, la sivyo itahesabiwa kuwa imeumizwa na anayeirudisha. Kiungo kirudi mahali pake ndani ya saa 6; kila saa inayozidi inaongeza hatari ya kichwa kufa.

Kuandika kwenye faili

“Nyonga ya kulia ina maumivu, mijongeo imepungua” haimsaidii daktari wa zamu ya usiku. Andika hivi: mkunjo wa kudumu nyuzi 30, kukunja 30 hadi 90, imekakamaa ndani nyuzi 10, kutanua hakuna fupanyonga likiwa limeshikwa, mzunguko wa ndani hakuna, urefu wa kweli kulia sm 82, kushoto sm 84, wa kuonekana kulia pungufu sm 4, trokanta ya kulia imepanda sm 2, Trendelenburg chanya kulia baada ya sekunde 10, mpigo na neva za unyayo sawa. Sentimita mbili ni za mfupa ulio juu ya trokanta, mbili nyingine ni za nyonga iliyokakamaa ndani. Atakayepanga upasuaji anahitaji kuzijua kila moja peke yake.